Mlango wa Jikoni Kwenda Baa

Baba Indra,

Dali ya dengu iko sufuriani, roti nimezifunika kwa kitambaa. Baa usiifungue! Imefungwa kwa amri ya serikali.

Ulipokuwa sokoni Chaguanas, mkaguzi wa leseni za pombe alikuja. Akauliza kama kuna mlango wa ndani kati ya nyumba na baa, maana sheria hairuhusu. Nikamjibu, "Hakuna, bwana." Mara Indra wetu akasukuma kabati. "Upo huu hapa. Baba huupitia kwenda kunywa tukishalala."

Mkaguzi mwenyewe aliinamisha kichwa. Nikasema, "Mwanangu, unataka tufe njaa?" Akajibu, "Baa ifunguliwe tu, Mama. Mlango ndio uzibwe."

~~Ukirudi, mchape.~~ Usimguse mtoto, wala usimfokee.

Nakwenda kwa hakimu kuiombea leseni yetu. Nitaahidi mlango utazibwa leo hii. Matofali yako uani, saruji kachukue dukani kwa Boodoo. Na ukijenga, Sookdeo, simama upande wa jikoni, ili ukimaliza uwe huku kwetu.

Mama Indra