Kadi Ambayo Sikuwahi Kuwa Nayo

Jumatatu, 5 Juni

Kola kumi na nne tayari, mikono bado. Sare za shule zinatakiwa Ijumaa na overloki imeanza tena kukata uzi. Naandika nyuma ya daftari la vipimo maana lile la kumbukumbu zangu limejaa.

Mzee Sadiki amepita. Ni mwenyekiti wa tawi, ndiye aliyenipa fremu hii ya duka nilipokuja mjini, hapa Bilele, na cherehani moja na mfuko wa nguo. Fremu ni ya chama. Bendera yao inapepea juu ya kichwa changu, lakini mimi kazi yangu ni kushona na hajawahi kuniuliza kadi. Leo ana ombi. Jumamosi kuna mkutano wa hadhara, na watu watano waliohama chama cha upinzani watakabidhi kadi zao za zamani jukwaani. Mmoja wao, mwanamke, ameingia mitini. Mzee anataka nishike nafasi yake. Kadi ipo. "Dakika mbili tu, mwanangu. Unatoa kadi, unasema umerudi nyumbani, unashuka."

Nimekubali. Nitamwambiaje hapana mtu mwenye ufunguo wa pili wa mlango wangu? Na niseme kweli, hapa hakuna anayesoma: napenda maiki. Tangu enzi za kwaya ya kigango.

Jumamosi, 10 Juni

Nimefanya. Kadi nimepewa ndani ya bahasha nyuma ya jukwaa, jina limekwanguliwa. Wanne walionitangulia wamesema kama watu wanaosoma risiti. Wasikilizaji wameanza kuchezea simu. Basi nikashika maiki. Nikasema nilipotea. Nikasema miaka sita nilitembea gizani. Simu zikashushwa. Mshereheshaji akaniuliza, nani alikupoteza, dada? Ningeweza kusema shetani, yeye amezoea. Nikasema, kaka yangu wa tumbo moja, na bado nampenda.

Mama mmoja wa mbele akajifuta machozi kwa kanga. Mzee Sadiki naye. Dakika mbili zimekuwa kumi. Nimefurahi mno. Nimerudi nimekula sato mzima peke yangu.

Jumatatu, 12 Juni

Video imesambaa kwenye simu za watu. Mimi nimeinua kadi juu, namba inasomeka kabisa. Wateja wawili wapya leo, wote wananiita Dada Shuhuda. Mmoja ameniomba nimwombee. Nimempima kiuno.

Laurean hajapiga. Kaka yangu ni katibu wa kata wa chama hicho ninachodai nimekitoroka. Yuko Ijumbi, Muleba, kwenye kibanja cha tata, shamba la baba yetu, na kahawa yake na mikutano yake. Tata alipofariki ni yeye aliyenipeleka chuo cha ushonaji. Cherehani yangu ya kwanza aliifunga kwenye baiskeli akaisukuma kutoka Muleba mjini, milima yote ile. Sijawahi kuwa na chama, na hakuna anayelijua hilo vizuri kuliko yeye. Miaka yote amenibembeleza nijiunge, nikamcheka. Ananiita vuguvugu, kwamba nitatapikwa.

Alhamisi, 15 Juni

Ujumbe wa Laurean. Mstari mmoja. "Lini ulikuwa kwetu?"

Nimeandika nikafuta mara nne. Mwisho nimejibu kwamba yalikuwa maneno ya jukwaani tu. Ameusoma. Hajajibu. Nimekata mkono wa shati upande usio wake, kitambaa kimeharibika. Naona aibu.

Jumapili, 18 Juni

Sasa niko kwenye darasa la chama. Kila Jumapili saa nane, mimi nikitoka misani, wengine wakitoka kwao. Tunaimba, anasimama mtu anashuhudia, kisha tunasomewa kitabu cha Jamii Kamili. Kitabu kinashikwa kwa mikono miwili. Katika Jamii Kamili hakuna atakayelala njaa, hakuna atakayedai wala kudaiwa, na mahakama zitafungwa kwa kukosa watu. Padri angalau anasema mbinguni ni baada ya kufa. Hawa wanasema ni awamu ya pili ya mpango.

Nilitaka kucheka. Kisha nikamtazama Mzee Sadiki. Mtoto wake alifia kwenye benchi la zahanati akisubiri dawa iliyokuwa njiani. Ukurasa wa dawa anaujua kwa moyo, midomo inatembea kabla ya msomaji. Adhana ya alasiri ilipolia alitoka kuswali, akarudi, akakaa palepale na uso uleule. Siwezi kumcheka mtu huyu. Ndiyo shida yangu.

Jumatano, 21 Juni

Muleba mjini. Ushuhuda wa tatu, baada ya ule wa darasani. Nimeongeza ndoto: naona barabara, na mwishoni mwake taa. Walipiga vigelegele. Baya ni kwamba nimeanza kuiona hiyo barabara, najua hata mtaro uko upande gani.

Kwenye gari la chama wameniambia Jumamosi ni Ijumbi. Nyumbani. Nimesema nina sare nyingine za kushona. Mzee Sadiki akasema huko ndiko wanakonihitaji zaidi. Basi nikamvuta pembeni tulipofika Bilele. Nikamwambia, Mzee wangu, sijawahi kuwa na kadi yao, wewe ndiye uliyenipa bahasha. Hakukasirika. Amenishika mkono kama mgonjwa. Amesema kila asiye ndani yuko kwao, awe na kadi au asiwe nayo. "Ulikuwa kwao bila kujua, mwanangu. Kadi ilikuonyesha tu."

Ningependa awe mwongo. Mwongo ningejua namna ya kumkabili.

Jumamosi, 24 Juni

Ijumbi. Uwanja wa mpira, bendera mpaka kwenye magoli. Ma, mama yangu, wamemletea kiti mbele kabisa, rozari mkononi. Laurean amesimama ng'ambo, chini ya paa la stoo ya kahawa, mikono kifuani.

Nimeshika maiki nikasema ukweli. Wote, kwa utaratibu. Kwamba sikuwahi kuwa mwanachama wao. Kwamba kadi nilipewa nyuma ya jukwaa. Kwamba kaka yangu hakunipoteza. Nimesema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kihaya ili Ma asikie vizuri.

Nikahisi mwili mwepesi. Mshereheshaji akachukua maiki taratibu mkononi mwangu. Akasema, mnaona ndugu zangu? Amefika kwao, ameona sura zao, hofu imemrudia. Wamemtisha. Lakini mnasikia anavyomkinga kaka yake? Huo ndio upendo wa Jamii Kamili! Wakapiga makofi. Wakaimba. Kina mama wakanizunguka wakiniambia usiogope, usiogope. Mmoja alinikumbatia, mikono yake ikinuka maganda ya ndizi, na nilishindwa kumtoa.

Nyumbani Ma amepika ebitoke, ndizi zetu, na maharage. Laurean amepita uani. Nikamtolea kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili, kama anavyokaribishwa mgeni na adui. Hajaichukua. Amepita. Bora angenipiga.

Ma ameuliza swali moja tu. "Mwana wange, umeungama?" Sikujua anauliza kosa lipi.

Jumanne, 27 Juni

Nimekuta vijana wawili barazani kwangu, fulana za chama, viti vyao wenyewe. Wamekuja kunilinda dhidi ya wanaonitisha. Nimewaambia hakuna anayenitisha. Wameitikia kwa huruma.

Wanakaa toka asubuhi mpaka nafunga. Mteja akija wanamuuliza anatoka wapi. Nikienda sokoni mmoja ananibebea kapu. Wana adabu sana. Leo nimeshona zipu mbili tu na zote nimezifumua.

Alhamisi, 29 Juni

Laurean amepiga. Nimejifungia stoo nyuma ya marobota ya vitambaa. Sauti ilikuwa ile ya zamani, ameniita kwa jina la utotoni, nikaanza kulia kabla hajasema kitu.

Kisha akasema. Namba ya kadi kwenye video ni ya kata yake. Ni ya mwanachama mmoja aliyehama na kuiacha kadi kwa watu wasiojulikana. Sasa viongozi wake wanamuuliza: dada yako aliipataje? Ama alikuwa mwenzetu akanunuliwa, ama katibu anawauzia maadui kadi ili watuigizie. Wameshaanza kumwita Yuda. Jumapili wana mkutano Rubafu. Anataka nije nisimame, niseme nilikuwa wao, nilinunuliwa, nimerudi.

Nikamwambia, Laurean, nirudi wapi? Wewe unajua.

Nikasikia jogoo wa Ma kwenye simu. Kaka akasema, "Waitu, ndugu yangu, ukikataa watanivua ukatibu. Miaka ishirini." Alikuwa analia. Sijamsikia akilia hata kwenye msiba wa tata.

Ijumaa, 30 Juni

Nimewaza hata chai imechacha kwenye kikombe. Nikienda, naongopa mara ya pili na fremu imekwenda. Nisipokwenda, Laurean amekwisha. Watu wanasema chama ni chama tu. Kwake si chama tu. Hakuoa. Picha ya mwanzilishi wao iko ukutani alipokuwa Bikira Maria, na Maria amehamishiwa chumba cha Ma. Wao wana Nchi Iliyonyooka, sisi Jamii Kamili. Nimesema "sisi". Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nawachukia wote. Nampenda Laurean.

Jumapili, 2 Julai

Walinzi nimewaambia naenda kuzika Rubafu. Hakuna anayemzuia mtu kwenda kuzika. Wamenipa pole na rambirambi.

Rubafu ni uwanja uleule, rangi nyingine. Wimbo nao nadhani ni uleule, wamebadilisha maneno. Kitabu kinashikwa kwa mikono miwili. Wakanileta mbele. Mshereheshaji wao akasema, kondoo wetu aliyepotea. Laurean alikuwa kwenye benchi la viongozi, koti lake la Krismasi, mikono katikati ya magoti. Hakuniangalia.

Nikasema nilikuwa wao. Miaka sita. Nikasema nilinunuliwa. Waliuliza kwa nini Ijumbi nilikana kuwa na kadi, nikajibu ilikuwa hofu. Mshereheshaji wa Bilele alikuwa ameshaniandalia jibu siku ile.

Safari hii sikufurahia maiki. Laurean alisimama akanikumbatia mbele ya watu wote na uwanja ukalipuka. Amekonda. Nilihisi mbavu zake kupitia koti.

Jumanne, 4 Julai

Kufuli jipya mlangoni. Wale vijana wamesimama, safari hii mgongo umeelekea mlango na uso kwangu. Mzee Sadiki amekuja mwenyewe na ufunguo. Hajanitukana. Amenisaidia kubeba overloki mpaka kwenye gari na amekataa kupumzika, na yeye ana mgongo mbovu. Amekunja vizuri sare zilizobaki, shati juu ya shati.

Akasema atanisubiri. Kila siku ataangalia barabara. Nimelia njia nzima mpaka Muleba, dereva akadhani nimefiwa.

Jumapili, 16 Julai

Niko Ijumbi. Cherehani iko sebuleni karibu na dirisha. Mikeka ya kahawa imejaza uani, tunapita pembeni. Wateja ni wachache, wengi viraka. Laurean hakuvuliwa. Amepanda hata, sasa yuko kamati ya wilaya.

Leo baada ya misa amekula nasi. Amecheka, amemtania Ma kwa chumvi. Baada ya kula ametoa daftari la wanachama wa kata anioneshe. Jina langu limo. Mstari wa kati, kati ya majina mawili ya watu waliokufa. Tarehe ya miaka sita nyuma. Mwandiko wake.

Nikadhani ni siri yetu. Nikamtazama nitabasamu naye. Hakutabasamu. Ameanza kusimulia siku nilipojiunga. Nilikuwa nimekuja kuchuma kahawa, mvua ikatukuta, tukajibanza stoo, nikasema basi niandike. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani. Amesimulia polepole, kwa furaha, kama mtu anayeona.

Nikamwambia, Laurean, haikuwa hivyo. Sikuwahi. Akaniangalia kwa upole. "Umesahau, waitu. Walikutesa sana wale." Ma akaitikia kwa kichwa. Akasema mvua ile anaikumbuka, iliangusha migomba miwili.

Laurean alikuwa mtu mmoja tu duniani aliyejua. Nilienda Rubafu kumwokoa, na yule aliyejua nimemwacha hukohuko.

Sasa ni saa kumi na moja. Ma anakusanya kahawa, Laurean anashika upande wa pili wa mkeka. Nimekaa hapa dirishani kuandika kwamba sikuwahi kuwa na kadi, ili pawepo mahali palipoandikwa. Nimefungua kurasa za mbele, za vipimo, nitafute mwezi ule anaosema Laurean nilikuwa namshonea nani mjini. Daftari hili linaanzia mwaka jana. Lile la vipimo la zamani lilibaki Bilele.

Gauni la kijani nilikuwa nalo kweli. Najaribu kukumbuka siku hiyo nilikuwa wapi. Bado sijakumbuka.