Baba Hajimiminii Mwenyewe

Kibondo, Jumatatu, Novemba 2014

Mvua haijakatika tangu asubuhi. Wateja wa steshenari ninakofanya kazi wamekwama majumbani kwao, kwa hiyo leo kompyuta ni yangu. Nina furaha na nina hofu, vyote kwa pamoja, na sina wa kumwambia zaidi ya ukurasa huu.

Jana nimegusa pombe.

Sikuinywa, niliimimina. Lakini kwa sisi walokole, hasa mimi ninayesimama mstari wa mbele kwenye kwaya, tofauti hiyo haina mtetezi. Kuna dada wa sauti ya kwanza alisimamishwa kwa kumsaidia shangazi yake kuuza pombe kilabuni. Na kwaya ndiyo kila kitu nilicho nacho nikitoka kazini. Rafiki zangu wote wako huko.

Nianzie kwa Mama. Mama alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vilifika hadi soko la Kasulu. Haruka, dada wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari, alipanga chumba kwetu, na kila Jumamosi alikuwa kwenye udongo na Mama, matope mpaka viwikoni. Baba yake naye ni mfinyanzi huko kwao. Mama akampa chungu ampelekee alipokwenda likizo, naye akarudi na seti ya sake, yaani vyombo vya pombe yao ya mchele: kibuyu cha udongo chenye shingo nyembamba, na vikombe viwili vya kuchekesha, kila kimoja funda moja tu.

Mama alikigeuza kibuyu chini juu kwanza. Mfinyanzi hutazama kitako kabla ya mdomo. Hakikupakwa rangi yoyote. Haruka alieleza kwamba tanuri la baba yake hulishwa kuni usiku na mchana, siku nyingi, mpaka majivu yanatua juu ya vyombo na kuyeyuka, yanaganda kama asali iliyomwagika. Mama, aliyezoea kuchoma vyungu vyake kwa nyasi na magome asubuhi na kuvitoa mchana, aliguna.

"Kuni zote hizo kwa vikombe vya panya!"

Lakini hakumruhusu mtu mwingine kuviosha.

Haruka alitufundisha na desturi yake: hujimiminii mwenyewe. Mwenzako anakumiminia, nawe unammiminia. Vikombe ni vidogo, kwa hiyo huwezi kumsahau mwenzako hata kidogo. Baba aliipenda mno hiyo. Haruka aliporudi kwao, wazee wangu waliendelea kuketi barazani kila jioni wakimiminiana rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka kibuyu kikashika harufu isiyotoka hata kwa maji ya moto.

Mama alifariki mwezi wa sita.

Tangu hapo Baba amekonda. Hatembelei watu, chakula anakionja tu. Rubisi sikumwona nayo tena. Nilidhani ameacha, nikamshukuru Mungu. Mjinga mimi.

Jana nilipitia kwake jioni, baada ya ibada ya pili. Nilimkuta barazani, kibuyu kimejaa, vikombe viwili vimekauka. Nikamuuliza mbona hanywi.

"Nitajimiminiaje, Eliza, kama mtu asiye na watu?"

"Kila siku unakijaza hivi?"

"Yego, kila siku. Asubuhi namwaga."

Nilisimama pale na Biblia kwapani, sare ya kwaya mwilini. Jirani tunayesali naye alikuwa anapita na ndoo yake, akapunguza mwendo. Nilijua kabisa habari zitafika. Nikaiweka Biblia kitini, nikashika kibuyu kwa mikono miwili, nikammiminia baba yangu.

Akanywa, akafumba macho.

Kisha akakichukua kibuyu, akakitazama kikombe cha Mama, akanitazama mimi. Akakirudisha kibuyu mezani. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya chai, akanijazia kikombe cha Mama chai ya maziwa mpaka mdomoni.

Nililia, siwezi kudanganya.

Kikombe kile kinaisha kabla hujameza vizuri. Nikimaliza ananijazia, akimaliza namjazia, na katikati tukamwongelea Mama, mara ya kwanza tangu tumzike. Baadaye nikasonga ugali. Alikula dagaa wote, akaomba na mchuzi uliobaki.

Sasa hivi ujumbe umeingia kwenye simu. Mwalimu wa kwaya ananiita kesho kanisani, "tuzungumze kidogo". Nawaogopa wenzangu wa kwaya, nawapenda, na sitasema uongo kwamba sikugusa. Wakinisimamisha nitaumia sana.

Ila Jumapili jioni nitakuwa barazani kwa Baba. Hana mwingine wa kummiminia.