Mama Ndiye Msimamizi

Jumatatu, 9 Machi 1998

Imekwisha! Jana baada ya kanisa Matheka alikuja na CD zake, akashinda kwenye kibanda chetu cha chapa hapa Kariokor mpaka jua likageuka. Kompyuta ya Mama ina mfumo mpya sasa. Ule wa zamani ulikuwa nyumba isiyo na mlango — wanafunzi wa taipu waliingia popote, wakafuta nyimbo za kwaya za watu. Huu unauliza kwanza: wewe nani? Halafu unataka neno la siri.

Matheka akasema lazima awepo msimamizi mmoja mwenye ruhusa zote. Nani tena kama si Mama! Akamwomba achague neno, kisha yeye akageuka akatazama ukuta huku Mama akidonoa herufi kwa kidole kimoja. Alisimama hivyo muda mrefu, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Shati lake lilikuwa limejikunja mgongoni. Nilitamani kulinyoosha.

Mimi ameniandikisha kama mtumiaji wa kawaida. Kawaida! Na Jumamosi watu wake wanaleta mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao wakishapokewa, mimi ni mke wa mtu.

Jumanne, 10 Machi

Huna ruhusa. Huna ruhusa. Mwone msimamizi.

Nikifungua faili za zamani — huna ruhusa. Nikitaka kuchapisha — huna ruhusa. Hata kurekebisha saa! Kila mara nakwenda kumwita Mama mlango wa pili, anakouzia vyondo. Anakuja akijifuta mikono, ananiambia, toka kidogo, anavuta pazia, anaandika neno lake. Mimi nangoja nje.

Ajabu, sikasiriki. Nje kuna harufu ya gundi, na wale mafundi wa viatu vya akala wanakata tairi taratibu kana kwamba dunia haina haraka. Nikasimama hapo nikaota chumba cha Tassia ambacho Matheka amepata. Pazia la kijani. Sufuria zangu mwenyewe. Mtu anarudi jioni anabisha hodi, nami najua ni nani kabla hajasema. Kumbe Mama alikuwa ameshamaliza, ananiita, sisikii.

Jumatano, 11 Machi

Matheka amepiga simu kwa mwenye duka la dawa, nikaitwa. Sasa, Syombua! Nikamweleza. Akasema hiyo ni kitu kidogo: mama aingie kama msimamizi, anipe mimi full rights, yaani ruhusa zote, kwa hizo faili, basi, sitaulizwa tena.

Nikampelekea Mama habari. Kwanza ana wateja. Halafu kichwa kinamgonga. Mwisho akasema, kwani unaona taabu kuniita?

Nikamwambia basi anipe neno la siri nifanye mwenyewe. Akanitazama. Akasema ni jina aliloitwa na mama yake alipokuwa mdogo. Utaniita hivyo wewe?

Sikujua ana jina lingine! Nimelala kitanda kimoja na huyu mtu tangu baba afe, na kuna msichana humo ndani sijawahi kumsikia akiitwa. Siwezi kulitaja. Na Matheka ndiye kabisa — mkwe kutaja jina la mama mkwe, kwetu afadhali ale nyasi. Nikasema, kuandika si kutaja, Mama. Akasema, kuandika ni kutaja polepole. Akarudi kwenye vyondo vyake.

Maneno yote ya duniani, amechagua hilo!

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Mwalimu Nalianya wa kwaya ya Jericho amekuja kuulizia programu za tamasha la Jumapili. Nilikuwa nimechapisha chache tu, kwa kuitana na kufunga pazia.

Nimegundua kitu. Nikimwita, Mama anafurahi. Anajifanya kuchoka, lakini anakuja mbio.

Jioni tukipika isyo, mahindi yetu na maharagwe, Mama akasema akiwa ameinamia sufuria: ukienda Tassia, nani ataniita? Nampenda hadi kifua kinauma. Na nataka kwenda. Vyote viwili, kwa moyo huu mmoja.

Ijumaa, 13 Machi

Matheka ameomba ruhusa kazini, akaja mapema. Loo, kumbe Mama ameshaanza nthoni! Eti mbuzi wameshanunuliwa, kwa hiyo huyu ni mkwe tayari. Hawawezi kukaa chumba kimoja wala kusemezana uso kwa uso. Mama ni mtu wa kanisa, lakini hiyo hajaiacha.

Basi Mama akakaa ndani kwenye kompyuta, Matheka nje kwenye benchi, pazia katikati. Mimi mlangoni, kama waya wa simu.

"Mwambie mama abonyeze mausi upande wa kulia."

"Mama, bonyeza kulia."

"Mwambie nimebonyeza."

"Amebonyeza."

Na sote tunasikiana! Mafundi wa akala wakawa wanacheka mpaka nyundo zinawaponyoka. Nami nilicheka. Ilikuwa saa tamu, watu wangu wawili wakizungumza kupitia mdomo wangu.

Kisha jina langu likatokea kwenye skrini, na kando yake: ruhusa zote. Mkono wa Mama ukasimama.

"Mwulize," akasema. "Nikimpa Syombua hizi zote, ataniita tena?"

Nilijua haulizi habari ya kompyuta. Sauti ilikuwa ile ya jana, ya kwenye sufuria. Matheka, maskini, hakujua. Alichangamka, akadhani anampa mkwewe habari njema.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi! Hatamwita tena. Hatamhitaji hata kidogo."

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu Nalianya akatokea kuulizia karatasi zake. Mama akatoka kumsikiliza, Matheka akaruka akaenda kwa mafundi wa akala ili ampishe.

Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Matheka ananikonyezea jicho kutoka kule, anaona amefaulu mtihani. Ni mtu mzuri. Kesho watu wake watakuwa njiani kuja kwetu. Pazia hili ni leso tu, Mama amesikia kila neno. Lakini kwa mila yake jibu bado halijafika, mpaka nilipeleke mimi kwa kinywa changu. Niseme alivyosema? Niseme jingine, wakati amesikia?

Amerudi. Amekaa. Ameshika mausi, hatazami skrini, ananitazama mimi.

"Enhe, Syombua," anasema. "Amesemaje?"