Kile Kipande cha Injini Ulichomtumia Mzee Bonifasi

Mwembesongo, Morogoro

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mayu naye shikamoo yake ya peke yake, asije akasema kwamba mama yangu mzazi nimemsalimia kwa jumla jumla. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Yule ng'ombe mwenye jicho bovu bado anapiga watu mateke? Mimi ni mzima kabisa, tena nimenenepa, maana njegere zinazoshuka kutoka milimani huku ni tamu na ninazila karibu kila siku. Leo Uluguru imejifunika mawingu tangu alfajiri. Mvua imesimamisha kazi za nje, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungenikatiza sentensi ya pili, halafu kaka Masanja angeweka sauti ya juu majirani wote wasikie. Barua haikatizwi. Keti basi, Baba, uisome mpaka mwisho.

Kile kipande cha chini cha injini ya boti, kile kinachobeba gia, ulichomtumia bosi wangu Mzee Bonifasi kwa basi baada ya Masanja kugonga mwamba, hakukichomelea Mzee Bonifasi. Nimekichomelea mimi.

Ndiyo, najua ulivyoandika kwenye kile kikaratasi. Mzee alikisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima kabla hajajua kimebeba nini: "Fundi, naomba uifanye kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe binti yangu." Watu wakacheka. Mimi nikajifanya natafuta spana. Iliniuma, Baba, sikufichi. Najua unaikumbuka sufuria ya Mayu, ile niliyojidai naiziba ufa nilipokuja likizo, ikabaki na tundu la kupitisha ngumi. Lakini hiyo ni miaka sita iliyopita, na wakati ule nilijua chuma tu. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Aluminiamu haionyi mtu. Inakaa vilevile, nyeupe, imetulia, halafu puu! Imedondoka chini. Siku hizi tabia yake naijua.

Mzee Bonifasi ni mtu wa mageti na matela. Macho yake yameanza kuingia ukungu, na ile mashine ya gesi ya kuchomelea aluminiamu haijui. Mimi ndiye niliyeisomea chuoni. Akanivuta pembeni akaniambia, "Kabula, nikikishika mimi naiua injini ya baba yako. Ukikishika wewe unavunja agizo lake. Chagua." Mtu wa Mlali huyo, maneno yake machache. Nilikaa nacho siku mbili bila kukigusa. Nilijua cha namna ile hakiuzwi tena popote, injini yenyewe imenizidi umri. Kikiyeyuka, boti inageuka kuwa banda la kuku, na Mayu anakwenda kliniki kwa baiskeli kwa kuizunguka ghuba yote ya ziwa. Nikachagua.

Nikakisafisha mpaka kikang'aa. Nikatoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee mbele, nikakilaza mezani juu ya kitambaa cheupe. Aluminiamu inayosubiri kuchomelewa haitaki hata alama ya kidole chenye mafuta. Nikaenda kufungua mtungi wa gesi. Sasa, Baba, Waluguru si watani zetu sisi Wasukuma? Mlangoni kwetu anakaa Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, mtani wangu wa kufa na kupona. Narudi namkuta amejifunga kanga kiunoni, analia machozi ya uongo juu ya meza yangu: "Uwiii! Msukuma kafiwa! Na maiti yenyewe mmeilaza imepauka hivi, kwenu hakuna mafuta?" Mkononi ana kikombe cha mafuta ya vitumbua, na kile kipande keshakipaka chote, ndani na nje, mpaka kwenye ufa.

Karakana nzima ilivunjika mbavu. Mtani hakasirikiwi, ulinifundisha mwenyewe, kwa hiyo nilicheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya karakana nikalia, na mimi machozi yangu yalikuwa ya kweli.

Nikaanza upya. Nikakiosha kwa sabuni ya unga, nikakifuta, kikakauka, ikabaki kukipasha moto ili mafuta yaliyojificha yatoke. Bi Mwanaidi alipoelewa alichokifanya, alinibebea jiko lake la mkaa mwenyewe akakaa kupepea. Kipande kikapata joto, mafuta yakaanza kutoka kama jasho. Yalitoka kwenye ufa, kama nilivyotegemea. Mara yakatoka na ng'ambo ya tundu langu, mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kidole, umekata kona kuelekea kwenye bolti. Ufa mwingine, Baba! Sikuwa nimeuona, wala Mzee hakuwa ameuona. Ningeuziba ule wa kwanza tu, mngeifunga injini, na huu ungewafungukia katikati ya maji. Mzee akafanya ishara ya msalaba. Bi Mwanaidi akasema, "Si niliwaambia kapauka?" Nilimkumbatia na unga wake wote.

Kesho yake nikachimba nyufa zote mbili mpaka kwenye aluminiamu safi. Nikasugua sabuni ya mche juu yake nikakipasha tena. Sabuni ikiwa kahawia, joto limetosha. Ikiwa nyeusi, umechelewa. Ikawa kahawia. Nikavaa kinga ya uso, nikataja jina lako, nikawasha. Nilipomaliza nikakifukia kwenye majivu ya moto kipoe taratibu, kisije kikapasuka upya. Siku iliyofuata nikajaza mafuta ya taa ndani na kupaka chaki nje, maana panapovuja chaki hulowa. Tulisubiri mpaka adhana ya adhuhuri, na chaki ilikuwa kavu. Bi Mwanaidi alipiga vigelegele barabara nzima ikageuka.

Ulipopiga simu kumshukuru Mzee, nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nilikusikia ukisema, "Huo ndio mkono wa mtu mzima." Mzee akanipa simu niseme, nikatikisa kichwa. Niliogopa ungekifungua ukakitupa. Tangu hapo sina raha, na Mzee naye anasema hawezi kuvaa sifa aliyoishona mwingine.

Nisalimie Mayu, na umwambie michembe yake ya viazi vikavu imeniishia. Nisalimie shangazi yangu mdogo anayeuza mkaa, na wifi yangu na mtoto mchanga. Masanja mwambie mwamba haukumfuata, yeye ndiye aliyeufuata.

Ukimaliza kusoma, Baba, unaweza kuchukua spana ukakifungua. Ni haki yako, sitanuna. Ila Masanja ameniambia mmevuka ghuba na kurudi mara nyingi sasa, na kwamba siku ile ya mawimbi makubwa, Mayu akiwa ameegemea bega lako, ulipitiwa na usingizi mpaka ng'ambo. Hukuwa unajua, lakini ulilala, Baba. Ulilala juu ya kazi ya mkono wangu.

Ni mimi binti yako,
Kabula, fundi.