Mlingoti Kati ya Nyumba Mbili

Jumatatu, 18 Novemba

Kwa heshima na taadhima natangaza: soksi nyekundu zimetoka sandukuni. Hazijafuliwa tangu ushindi wetu wa mwisho, miaka kumi na minne sasa. Zinakaribia kusimama zenyewe.

Jumamosi chuo chetu cha Tolliver kinacheza futiboli ya Kimarekani na chuo cha Kessler. Mara ya mwisho. Ya mwisho kabisa! Miaka mia na kumi na minane ya kuchukiana vizuri, halafu Kessler wanahamia ligi yenye fedha zaidi. Gazeti limeipa habari hii mistari minne, chini ya tangazo la matairi.

Sikusoma Tolliver hata siku moja. Baba alikuwa mpishi wa bwalo lao. Nikiwa na miaka saba alinibeba mabegani hadi uwanjani. Watu elfu kumi na moja wakavuta pumzi kwa pamoja — nikadhani ni ardhi inapumua. Nina sabini na mbili. Bado nadhani hivyo.

Alhamisi, 21 Novemba

Wendell amekuja kurudisha ngazi. Jirani yangu, mtu wa Kessler hadi kwenye ukosi wa mbwa. Yeye na marehemu mume wangu walisimika mlingoti mmoja wa bendera mpakani mwa nyua zetu. Sheria: timu yako ikishindwa, unashusha bendera yako na kupandisha ya mwenzako, kwa mikono yako. Inakaa mwaka. Mara kumi na tatu mfululizo nimepandisha ile ya kijani, ya Kessler. Safari hii itakayopanda haishuki tena.

"Ardis, ukaze mikono. Kamba ina barafu."

Nikamwambia akaze yake.

"Hivi bendera yenu bado ipo, bibi wee, au panya walishaila?"

Ipo, nikasema. Nikageukia birika.

Nimemwomba Jumamosi afunge dirisha. Redio yake inaitangulia runinga yangu kwa nusu dakika nzima. Mwaka jana alishangilia kabla sijajua kama nimeshindwa. Ameapa. Vikombe vitatu vya kahawa. Kisha, akiwa mlangoni: "Novemba ijayo tutatukanana kuhusu nini?"

Nikamfungia keki aende nayo.

Jumamosi, 23 Novemba

Chili, mchuzi wa nyama na maharage, jikoni; soksi miguuni. Kioo cha runinga nimekifuta kwa tambara jekundu hadi kinang'aa.

Saa tisa na nusu alasiri. Kessler 20, Tolliver 18. Sekunde nne! Mpigaji wetu, mwembamba, anasomea uuguzi. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili ni pointi tatu. Amepiga —

Nimebonyeza kitufe. Picha imeganda. Naandika.

Mpira uko juu ya kila kitu, mdogo kama mbegu. Chini yake watu elfu kumi na moja, vinywa wazi. Nyekundu, kijani, vinywa ni vile vile. Ee Mungu. Hakuna aliyeshindwa humo. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii, na ni mimi tu ninayekishikilia, kwa kidole gumba.

Dirishani — Wendell. Ametoka bila koti. Hashangilii. Anafungua fundo kwa meno. Ya kijani inashuka, taratibu. Ameikunja, ameiweka kifuani.

Anakuja kwangu. Anagonga.

"Ardis! Lete bendera, mama! Mikono inaganda!"

Bendera niliikata mwaka wa tisa wa kushindwa. Ilitoa matambara sita.