Nilivyomuaga Bibi Mlangoni pa Upasuaji

Shoga, uko wapi? Nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Unamkumbuka yule bibi wa kitanda cha dirishani, asiyejua lugha yoyote ila Kifaransa? Leo ndiyo alikuwa anapasuliwa, na mimi ndiye niliyemsukumia kitanda.

Tumefika mlangoni pa chumba cha upasuaji, ananiangalia kwa woga. Nikasema ngoja nimtoe wasiwasi kwa lugha yake. Nikamshika mkono, meno yote nje, nikamwambia: "Adieu, bibi!"

Adieu! Ile ya kwenye tamthilia yetu ya Kifaransa, mimi na wewe tukaichukulia ni kwaheri tu!

Machozi yakaanza kumtoka bibi, akavua pete, akamkabidhi binti yake aliyekuwa kando.

Binti akanigeukia: "Dada, nani amekwambia mama hatoki humo?"

"Mimi nimemuaga tu!"

"Hiyo anaambiwa mtu ambaye hutamwona tena. Ungesema à tout à l'heure, tutaonana baadaye kidogo."

Na kweli shoga, yule bwana wa tamthilia aliyesema adieu hakurudi! Tulilia mpaka macho yakavimba, akili zetu zilikuwa wapi?

Mlango ukafungwa kabla sijajirekebisha.

Zamu yangu imeisha lakini siondoki. Binti amekaa mwisho wa benchi, anaizungusha ile pete kidoleni, hataki hata kuniangalia.

Bibi akitoka nitamwambia bonjour, ile salamu tu, basi, sithubutu jingine. Niombee, shoga. Niombee aniitikie.