Mama, Ukisikia Nimekufa, Ni Usafi Tu

Kitale,
Alhamisi jioni.

Kwako mama mpendwa,

Kabla ya salamu, huyo anayekusomea arudie hapa mara mbili: mimi, Wanyonyi, mtoto wako wa tatu, ni mzima. Natembea, nakula, na nimemaliza ugali sasa hivi. Haya, nakusalimu sana. Mguu unaendeleaje? Ule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mahindi ya kule chini yamebeba? Huku mimi niko sawasawa, isipokuwa leo mchana nilikufa kidogo.

Ndiyo maana naandika mbiombio. Jirani yangu Wekesa, mtu wa mdomo bila breki, amerukia lori la mahindi kukuletea msiba huko Bungoma kabla hajauliza mtu. Barua hii inakuja na lori la kesho asubuhi. Lakini Wekesa namjua, hapiti Kimilili bila kuona wakwe zake, na kwa wakwe haondoki bila kushiba. Naomba wawe wamemchinjia jogoo mgumu.

Sasa sikia. Unajua mke wangu Nasimiyu alirudi kwao Lwakhakha na mtoto wetu Simiyu. Si pombe, si kupigana. Ni vitu vyangu. Mama, Kitale hii yote hakuna redio ambayo sijaifungua tumbo, hata za wazungu, na fundi wa kweli hatupi kitu. Kila kitu kina siku yake. Basi maganda ya redio yalifika dari, mawe ya redio yaliyokwisha moto yalijaa magunia, miamvuli bila nguo, magurudumu bila baiskeli, na katikati ya sebule lile bafu la chuma nililolipata mzungu mmoja wa Endebess alipokuwa akihama. Bafu la kulala ndani kama mfalme! Hata chifu hana. Kuku walikuwa wanatagia humo.

Nasimiyu aliniambia, "Baba Simiyu, mimi na hawa kuku tunazunguka humu kama watu waliopotea msituni. Siku sakafu ikionekana, niite."

Nikajikaza kiume. Lakini mama, chai ya kujipikia haina utamu hata uweke sukari ya nchi nzima. Nikatuma neno: sakafu itaonekana. Jibu likaja kwamba wanakuja Alhamisi, yeye na mtoto na shangazi yake, na shangazi ndiye atakayekagua. Akijikwaa mahali, wanageuka na hawarudi tena. Unamkumbuka huyo shangazi, si ndiye aliyefungua midomo ya ng'ombe wetu wa mahari akiangalia meno.

Basi leo kulipopambazuka nikatoa kila kitu nje. Mimi sifanyi kazi nusu. Viti vyote nikavipanga kwenye nyasi mstari mmoja, kwa sababu ni mtu wa mpango. Kitanda nje, meza nje. Bafu, vijana wa gereji walinisaidia tukalitua chini ya mti wa avokado, wakaenda zao. Nikaingia ndani, nikajifunga shati puani, nikakwangua masizi, nikasugua sakafu kwa sabuni, halafu nikaanza kupaka kuta chokaa.

Mama, wewe unajua, na mimi najua, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye chokaa. Kwetu, viti vikipangwa kwenye nyasi asubuhi ya siku ya kazi, na mwenye nyumba haonekani, huo si usafi, ni matanga.

Nikasikia, "Uuuwi!" Ni Mama Rasoa wa ng'ambo ya ua. Mwingine akaitikia, halafu wengine. Nikajiambia, hapa karibu kuna msiba, na mimi ni mtu wa watu. Si unalia kwanza, unauliza baadaye? Nikatokea mlango wa jikoni, mweupe kutoka nywele hadi kucha, nikasimama nyuma ya watu, mikono kichwani, nikalia. Na nililia vizuri, mama. Wengine walinyamaza kunisikiliza.

Nilipopata pumzi nikamwuliza Mzee Matayo kando yangu, "Ni nani, mzee?"

"Si huyu wa redio. Maskini, amekufa peke yake katikati ya takataka."

Nilikasirika kabla sijaogopa. "Takataka gani? Hizo ni spea!"

"Aa, hata yeye alikuwa anasema hivyo hivyo." Akatazama bafu, akalipima kwa fimbo yake. "Sanduku likichelewa, tukimkunja magoti anaenea."

Nilitaka kujionyesha pale pale, lakini Nasimiyu akafika mlangoni pa ua na shangazi nyuma. Akaona viti. Kikapu kikaanguka. "Baba Simiyu! Si nilikuwa narudi! Ningelala juu ya hizo redio, ungeniachia tu nafasi ya mkeka!" Na shangazi, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, akaketi chini akisema, "Mkwe alikuwa mzuri bana, ni ile fujo tu."

Sitakudanganya, nilitaka kusikia zaidi kidogo. Lakini kilio cha Nasimiyu hakikuwa cha desturi. Hakikuwa na wimbo. Kiliniingia hapa kifuani. Nikavua shati usoni. "Nasimiyu, niko hapa. Naosha nyumba."

Mama, mbio! Mzee Matayo mwenye nyonga mbovu aliwapita vijana. Mama Rasoa aliruka ua na kikoi chake kikabaki. Shangazi alijificha ndani ya bafu. Nasimiyu peke yake hakukimbia. Alinijia, akanikwangua shavu kwa ukucha, akaona ngozi. Akanizaba kofi. Halafu akanishika, hakuniachia.

Baadaye akaingia ndani, akasimama katikati ya sebule akitazama chini. "Kumbe sakafu yetu ni nyekundu," akasema.

Watu walirudi mmoja mmoja. Walikuwa wameleta kuni na maharagwe, hawangekubali kuondoka bila kula, na kuku niliyekuwa nimemwekea shangazi akaishia kwa waombolezaji. Tulipokuwa tunanawa, Nasimiyu akasimama. "Mmelia vizuri. Hakuna anayerudi mikono mitupu. Kila mtu achague vitu vyake hapo nje."

Nikafungua mdomo. Akaninyoshea kidole. "Wewe ni marehemu. Marehemu haongei vitu vyake vikigawanywa."

Basi nimekaa kwenye kiti changu cha msiba nikitazama miaka yangu yote ikitoka na watu. Bafu amelidai shangazi, kwa vile alikuwa tayari ndani. Redio moja tu ndiyo imebaki, ile ya baba isiyosema. Nasimiyu mwenyewe ameiweka mezani, akaifunika kitambaa.

Nisalimie kaka mkubwa, na shemeji mwenye kwaya, na bibi yule anayeniita Bwana Mdogo. Simiyu anakusalimu, anateleza kwenye sakafu tangu afike.

Na mama, Nasimiyu anasema hii tabia ya kuweka weka niliitoa kwako, kwenye ile mitungi iliyopasuka na magunia nyuma ya mlango. Kwa hivyo kama Wekesa ametangulia na umeshatoa viti nje, usivirudishe haraka. Pangusa machozi, fagia kwanza.

Ni mimi mwanao, ninayepumua,
Wanyonyi